Kwa nini mmea mzima uishi kwenye kilima kimoja tu duniani?

#1 Bonde_la_Sigi

Wakuu, habari za jioni. Nina swali lililonishinda mbele ya mjomba wangu.

Mjomba ana shamba chini ya msitu wa Amani, upande wa Muheza. Shamba linateremka mpaka kijitoni. Pale kijitoni kuna jiwe kubwa kama nyumba, upande mmoja haupigwi jua kabisa na maji yanachuruzika mwaka mzima. Kwenye nyufa zake vimeota vile vimaua vya zambarau wanavyoviita violeti, vina vidoa viwili vya njano katikati. Majani yake ni manene na yana manyoya laini, ukiyashika ni kama umeshika sikio la mbuzi.

Mwezi uliopita mjomba alitaka kuangusha miti mitatu iliyoinamia lile jiwe apanue shamba la iliki na migomba. Wakaja vijana wa mazingira wakamwomba asiikate, kwamba hilo ua ni la thamani, asili yake ni milima hii. Mjomba akawasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa upole kabisa: "Kama ni la maana hivyo, mbona liko hapa tu? Muhogo umetoka ng'ambo ya bahari umefika kwangu. Hili limeshindwa hata kuvuka mto."

Vijana walicheka wakaaga. Mimi sikucheka, na wiki ya tatu sasa nalifikiria. Nani anaweza kumjibu mjomba?

#2 naweka_kambi

Siti ya mbele hapa, nasubiri wataalamu.

#3 Fundi Mbegu

Mkuu, mjomba wako kauliza kitu ambacho watu wanakifanyia utafiti maisha yao yote. Nipo Morogoro, kazi yangu ni kuatika miche ya miti ya asili, kwa hiyo nitajibu kadiri ninavyoelewa.

Usambara ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki. Tao hilo linaanzia Taita kule Kenya, linashuka Pare, Usambara, Nguru, Ukaguru, Uluguru, mpaka Udzungwa. Milima hii ni mizee mno na inapokea unyevu wa Bahari ya Hindi moja kwa moja. Zilikuja nyakati Afrika ikakauka, misitu ya nyanda za chini ikageuka mbuga. Huku juu ukungu haukukoma. Mimea iliyokuwa imeenea sehemu kubwa ikabaki milimani tu, kama watu waliokimbilia juu ya mapaa wakati wa mafuriko. Hilo ua halikushindwa kuvuka mto. Ndugu zake wa ng'ambo ya mto walikufa zamani.

#4 Mtu_wa_Takwimu

Fundi, heshima yako, ila hiyo ni nusu ya habari. Kuna mimea ya milima hiyohiyo ambayo si mizee hata kidogo. Imezaliwa palepale baada ya milima kutengana kwa ukame. Kila mlima ukawa kama kisiwa, mmea uleule ukabadilika kivyake huku na kivyake kule. Hizi violeti ndio mfano wanaoutumia sana, maana ndugu zake wa karibu wamesambaa kila mlima na kila mmoja ana sura yake kidogo. Kwa hiyo huenda huyo wa mjomba si mzee aliyebaki bali ni mtoto ambaye bado hajapata muda wa kutembea.

#5 Bonde_la_Sigi

Sasa nimwambie mjomba ni mzee au ni mtoto?

#6 Fundi Mbegu

Mwambie ukoo ni mzee, yeye ni mjukuu. Mtu_wa_Takwimu yuko sahihi kwa violeti. Mimi nilikuwa nawaza miti mikubwa.

#7 Digo_wa_Kwale

Hamjambo jamaa wa Tanzania. Sahihisho dogo: mleta uzi amesema asili ni milima hiyo, watu wasije wakadhani ni Tanzania pekee. Sisi pia tunazo. Kuna moja iko Taita, msitu wa Mbololo. Nyingine iko Kilifi, ukanda wa pwani, kwenye miamba ya chokaa pahali panaitwa Cha Simba. Pale si mlima wa ukungu wala nini, ni jiwe la chokaa lenye kivuli na joto la pwani. Kwa hiyo maelezo ya Fundi ya ukungu wa milimani hayafiki Kilifi. Nafikiri jambo ni jiwe lenyewe. Mmea huu unataka jiwe lenye kivuli, unyevu usiokatika, na usifunikwe na majani yanayodondoka. Mahali kama hapo ni haba popote.

Na chokaa hiyo ndiyo inayotafutwa kutengeneza saruji.

#8 Hamburg_Mswahili

Nimeusoma huu uzi niko foleni dukani na mbele yangu kuna trei zima la hayo maua. Sitanii. Huku Ujerumani yanaitwa Usambaraveilchen, jina la Usambara limo ndani, na bibi kizee aliye mbele yangu amechukua vyungu viwili bila kujua kama Usambara ni mahali. Bei yake haizidi ya mkate.

Kwa wasiojua: afisa wa kikoloni wa Kijerumani, Baron Walter von Saint Paul-Illaire, ndiye aliyegundua maua haya. Aliyatuma kwao mwaka 1892, na 1893 mtaalamu wa Hannover aitwaye Hermann Wendland akayapa jina la Saintpaulia. Tangu hapo yameenea madirishani dunia nzima.

#9 Mbondei_Halisi

Mkuu wa Hamburg, hakugundua. Bibi zetu walikuwa wanachota maji pembeni ya yale mawe kabla babu yake Baron hajazaliwa. Alituma, andika alituma.

#10 Hamburg_Mswahili

Nimekubali. Alituma.

#11 Kijiwe_Nongwa

Sasa ndugu zangu, kama kila dirisha la Ulaya lina hili ua, tunahangaika nini na jiwe la mjomba? Mmea unaouzwa dukani hauwezi kwisha. Mke wangu anazo tatu hapa Dar, anakata jani moja, anachomeka kwenye udongo, baada ya wiki kadhaa kunatokea vichipukizi pembeni. Mjomba akate miti yake alime, akilihitaji ua aje kwangu nimpe jani.

#12 Fundi Mbegu

Kijiwe, swali lako ni la haki na nitalijibu kwa uzito wake.

Mche unaotoka kwenye jani ni mmea uleule umerudiwa. Ukichomeka majani mia una mmea mmoja mara mia. Maua ya madukani yametokana na mimea michache iliyotoka huku zamani, halafu yakachanganywa na kuchaguliwa kwa rangi na ukubwa. Mengi yake ukiyaweka kwenye jiwe la mjomba hayamalizi msimu. Ugonjwa mmoja ukiyashika, yanashikwa pamoja. Dawa yake itatafutwa kwenye mimea ya porini, ambayo kila mmoja umezaliwa na mbegu yake na una tofauti yake.

Kama hujanisadiki, angalia Afrika Kusini. Mwaka 1895 katika msitu wa oNgoye, KwaZulu-Natal, ilionekana sikadi (mmea wa kale unaofanana na mnazi mfupi) moja ya aina inayoitwa sasa Encephalartos woodii. Sikadi zina dume na jike, na ile ilikuwa dume. Jike halijaonekana mpaka leo. Mwaka 1916 shina la mwisho likatolewa msituni. Leo ipo katika bustani nyingi duniani, imenawiri, inatoa koni nzurinzuri, na yote ni yule dume mmoja. Haijawahi kupata mbegu yake yenyewe. Huo mmea upo na haupo.

#13 Kijiwe_Nongwa

Hapo umenishika, mkuu. Hilo la sikadi sikulijua.

#14 Mlutamba

Salaam. Mimi ni wa Lindi na nitapingana na wote, wazee na watoto wa mimea.

Kwetu kuna ziwa Lutamba. Miaka ya 1930 hapo ulichukuliwa mti wenye miiba shinani na maua mekundu, ukaitwa Erythrina schliebenii. Eneo lile baadaye likafyekwa kwa ajili ya mikorosho. Mwaka 1998 mti ukaandikwa kwenye orodha ya dunia kuwa umetoweka. Mwaka 2001 ukaonekana kwenye kipande cha msitu wa Namatimbili, upande wa Kilwa. Baadaye likaja shamba la mimea ya kutengenezea mafuta, watu wakadhani safari hii ndio basi. Mwaka 2011 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakaukuta tena. Miti mikubwa haifiki 50.

Sasa mtu akija leo akaukuta kwenye kilima kimoja atasema huu ni mmea wa eneo dogo, una tabia ya kutotembea. Si kweli. Sisi ndio tuliobakiza kilima kimoja. Babu yangu alikuwa na mikorosho huko na simlaumu, korosho ndiyo iliyomsomesha baba. Ila tusiusingizie mti.

#15 Digo_wa_Kwale

Mlutamba umenikumbusha Karomia gigas, mti uliopotea kabisa. Ulionekana Kilifi mwaka 1977, mti mmoja, miaka michache baadaye ukakatwa. Ukaisha.

#16 Mlutamba

Haukuisha, ndugu yangu. Kwenu ndio ulikwisha. Kwetu ulionekana 1993 katika misitu ya Kilwa, ukapotea, ukaonekana tena 2011. Kutoka Kilifi mpaka Kilwa ni zaidi ya kilomita 500. Mti hauwezi kuwa na mmoja kule na wachache huku bila kuwahi kuwa na wengine katikati. Ni ushahidi wa ninachokisema.

Halafu mjue ni wa familia moja na mrehani na msaji. Mrehani wa kufunga kwenye jasmini, ndugu yake ni mti unaozidi nyumba ya ghorofa tano, hauna tawi mpaka juu kabisa.

#17 Fundi Mbegu

Huo mti naujua kwa karibu kidogo na naomba nieleze, maana watu hudhani kuokoa mti ni kuokota mbegu na kupanda.

Tunda lake limezungukwa na kitu kama karatasi kavu, linaanguka likizungukazunguka. Ukiokota unafurahi, umejaza mfuko. Ukipasua unakuta ndani kapi tupu, au kuvu imeshamaliza. Mengi ni hivyo. Kisa huwa ni miti michache mno iliyo mbalimbali, au chavua haifiki, au wadudu wamepungua, kila mtaalamu ana lake. Matunda kwa maelfu yalipelekwa bustani ya mimea ya Missouri kule St. Louis, Marekani, wakapasua moja moja, ikapatikana miche michache. Wakala wa Huduma za Misitu nao waliweka watu wa kijijini wa kuilinda ile miti iliyobaki na kuangalia lini inatoa maua.

Tatizo jingine ni kuhifadhi. Mahindi ukiyakausha yanakaa miaka. Mbegu nyingi za msitu wa unyevu ni kama kokwa la embe, ukilikausha umeliua. Ghala la mbegu halisaidii hapo. Lazima uatike leo, upate kitalu, kivuli, maji, na mtu wa kumwagilia hata sikukuu. Nina miche ya mti mmoja adimu (sitautaja na sitasema nilitoa wapi) imekaa kitaluni miaka miwili na haijafika goti.

#18 naweka_kambi

Fundi, mbona husemi unapoota? Sisi si wezi.

#19 Fundi Mbegu

Si ninyi. Kuna watu wananunua mimea adimu kwa sababu ni adimu, na wanasoma kila kinachoandikwa. Nikisema kijiji, kesho kuna mtu na jembe. Hata mleta uzi namsihi asiweke picha yenye ramani.

#20 Mbondei_Halisi

Hapo sikubaliani nawe. Kitu cha siri hakina mwenyewe. Mwenye mashine ya mbao hataki ruhusa yako, anaingia usiku kwa sababu kijiji hakijui kuna nini. Amani ilitangazwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 1997, kila mtu anajua, wageni wanakuja, vijana wanalipwa kuwatembeza. Ndio maana bado ipo. Ungeficha, ungekuta iliki tupu.

#21 Pweza_wa_Konde

Assalaam aleikum. Mie wa Pemba. Mmesahau visiwa, na habari ya mimea ya mahali pamoja bila ya visiwa haikamiliki.

Kwetu msitu wa Ngezi kuna mpapindi. Ni jamii ya minazi na mipopoo, shina lina pete, huchipuza mashina kadhaa pamoja, na ukizaa matunda mekundu utapenda. Hauna kwao kwengine duniani isipokuwa Pemba. Ndugu zake takriban wote wako Bukini, yaani Madagaska. Haya nambieni, ulifikaje? Ukame wa milimani hauelezi. Shoka la korosho halielezi.

Bibi yangu akisema mti huu umeletwa na popo. Na popo wa Pemba, yule mkubwa mwenye rangi ya hina, naye hayuko kwengine, na jamaa zake wako Madagaska na Asia, bara hapo jirani hawako. Miaka ya 1980 alikaribia kwisha kwa kupigwa na kuliwa. Watu wa vijiji wakaanza kumlinda wenyewe, kama pale Kidike, na sasa jioni ukikaa uwanjani unaona mbingu imejaa.

#22 Mtu_wa_Takwimu

Aleikum salaam shekhe. Kwa Unguja ungeweza kusema ulipita nchi kavu, maana Unguja ilikuwa imeungana na bara bahari ilipokuwa chini. Pemba ina mkondo mrefu kwenda chini, mamia ya mita, imekaa peke yake zamani mno. Kwa hiyo popo, ndege, au kuelea. Bibi yako hayuko mbali. Ila kama popo angekuwa mbebaji hodari hivyo, mpapindi ungekuwa na Unguja pia.

#23 Pweza_wa_Konde

Popo wetu hendi Unguja, hataki vurugu za mji.

#24 Mbondei_Halisi

😂😂 Mpemba kwa Pemba yake!

Lakini hilo la kubebwa na ndege lina kinyume chake huku kwetu. Mhesi uliletwa Amani na watu, si wa pale. Ilipokatwa mbao nyingi miaka ya nyuma, msitu ukawa na matobo, hondohondo wakala matunda ya mhesi wakayanya kila tobo. Leo mhesi umejaa mpaka ndani. Mti mgeni umepata usafiri, mwenyeji amebaki amesimama. Mbegu za yale maua ni ndogo kama ugoro, hakuna ndege anayehangaika nazo. Zinaenda na tone la maji, kutoka ufa wa juu kwenda ufa wa chini. Basi. Mimi kwa mjomba ningejibu hivyo: hana gari.

#25 Mtu_wa_Takwimu

Niongeze la kuvuruga. Huenda mimea mingine inaonekana ya mahali pamoja kwa sababu ya majina tu. Hizo violeti zilikuwa zinahesabiwa aina zaidi ya 20, kila mtu alipokuta tofauti ya manyoya ya jani anatoa jina. Baadaye wakazipunguza mpaka kama 10, na tangu 2015 zimeingizwa kwenye kundi kubwa zaidi, jenasi ya Streptocarpus, jina la Baron limebaki la kundi dogo tu ndani yake. Siku moja mmea ni wa jiwe moja, kesho yake ni wa milima mitatu, na haujasogea hata hatua.

#26 Fundi Mbegu

Na upande wa pili wake: hatujatafuta. Udzungwa kuna mti wa mita 40, uliandikwa rasmi 2025 tu, Tessmannia princeps. Ulikutwa 2019 kwenye misitu ya hifadhi ya vijiji, na walioutambua kwamba si wa kawaida walikuwemo wenyeji wanaojua miti kwa gome. Mita 40! Kama huo ulijificha, sembuse kimaua cha kwenye ufa.

#27 Kijiwe_Nongwa

Samahani natoka nje kidogo. Hivi Kihansi si ndio kule walikowekea chura mabomba ya kunyunyiza maji? Kulikuwa na mmea pia?

#28 Fundi Mbegu

Ndiyo. Bwawa la umeme lilipochukua maji ya maporomoko, ile manyunyu ya kwenye bonde ikakauka. Chura alitangazwa kutoweka porini 2009, akarudishwa 2012 kutoka mabustani ya wanyama ya Marekani. Mmea wa pale ni mkahawa wa porini, Coffea kihansiensis, wa bonde hilo tu. Chura aliandikwa magazeti yote. Mkahawa nani kausikia?

#29 Digo_wa_Kwale

Nijibu lile la siri na tangazo kabla halijazama. Kwetu kuna njia ya tatu. Kaya. Kaya, yaani msitu mtakatifu wa Wamijikenda, kila mtu anajua iko wapi, hata UNESCO wameziweka kwenye urithi wa dunia mwaka 2008, lakini huingii hovyo na hutoki na kitu, hata kijiti. Nilipokuwa mdogo niliokota tunda ndani ya kaya nikaliweka mfukoni. Babu hakunipiga. Alinirudisha mkono mpaka pale pale, nikaliweka chini lilipokuwa, ndipo tukaenda nyumbani. Wataalamu walipokuja kuhesabu mimea adimu ya pwani, mingi waliikuta ndani ya kaya.

Lakini wazee wanapungua. Na juu ya kilima cha Mrima, huku Kwale, ambako kuna kaya na miti isiyopatikana kwingine, chini yake kuna madini ya niobi. Ushindani wa namna hiyo babu hakuujua.

#30 Hamburg_Mswahili

Swali la pesa hamjaligusa. Maua haya yameuzwa zaidi ya miaka mia. Muheza imepata nini?

#31 Mbondei_Halisi

Jina dukani kwenu.

#32 Mtu_wa_Takwimu

Itifaki ya Nagoya, mkataba wa nchi kugawana faida ya mimea na viumbe vyao, ilianza kutumika 2014. Kilichotoka 1892 hakidaiki kirahisi. Labda kwa aina mpya itakayotoka sasa.

#33 Bonde_la_Sigi

Wakuu shukrani, nimesoma yote. Jumamosi nilikwenda kwa mjomba. Nikamsomea hoja zenu moja moja tumekaa juu ya lile jiwe. Ya mafuriko na mapaa aliipenda. Ya popo alitaka kujua kama Wapemba wanamla bado. Ya korosho alinyamaza muda, kisha akasema ng'ambo ya kijito, alipokuwa kijana, kulikuwa na jiwe jingine lenye maua haya, na juu yake kulikuwa na mvule. Mvule ulipasuliwa mbao.

Tulivuka tukaenda. Jiwe lipo, limepigwa jua, juu yake kuna nyasi kavu. Tulizunguka upande wa chini, kwenye kiufa ambacho mkono unaingia mpaka kiwiko. Ndani kabisa mjomba akagusa kitu, akaniita. Majani manne, madogo kuliko ukucha, yana manyoya.

#34 Fundi Mbegu

Msiyang'oe! Je, yalikuwa na maua?

#35 Bonde_la_Sigi

Hayana. Mjomba ameegemeza tawi la mgomba pale juu lilete kivuli. Ile miti mitatu hajaikata, lakini hajasema hatakata. Amesema anataka kwanza aone hayo manne yatafanyaje mpaka vuli.

#36 Mlutamba

Mwulize mvule ule ulikatwa mwaka gani.

#37 Bonde_la_Sigi

Nitamuuliza. Na kuna jiwe la tatu chini zaidi mtoni, hatukufika, mvua ilianza.